Tuta linavuja wapi? Umeme, rada au nyundo kwa malambo ya Uganda

Maji ya lambo yanashuka kila wiki, kamati ya maji inakaa kikao, na hakosekani wa kusema waitwe watu wenye mashine ya kuona chini ya ardhi. Mashine hiyo si moja. Ipo ya umeme, ipo ya rada, ipo ya mitetemo, ipo ya sumakuumeme, na kila mwenye nayo husifia yake. Hapa nazilinganisha kwa faida ya mwenye tuta la udongo Uganda, awe na lambo la ranchi Kiruhura au anasimamia bwawa la mifugo la ukubwa wa Kobebe au Arechek kule Karamoja. Msimamo wangu nautoa mapema: kwa matuta yetu mengi, umeme wa asili (ule unaozaliwa na maji yanapopita udongoni) na ukinzani wa umeme (jinsi udongo unavyozuia umeme kupita) vikipimwa kwenye mstari uleule ndivyo vya kulipia. Rada iache, isipokuwa kwa kazi moja nitakayoitaja. Na kabla ya chochote, pima maji yenyewe.

Huenda tuta halina kosa

Kwenye ukanda wa ng'ombe, kuanzia Isingiro hadi Karamoja, jua na upepo vinaweza kuondoa milimita 5 hadi 7 za maji kwa siku ya kiangazi. Ng'ombe mmoja tumpe lita 40 kwa siku. Ng'ombe 1,000 watakunywa mita za ujazo 40, na kwenye lambo lenye uso wa hekta 1 hiyo ni milimita 4. Jumla unapata kama milimita 10. Simika fito yenye alama majini, soma kila asubuhi saa ileile. Maji yakishuka milimita 11 au 12 kwa siku, huna mvujo wa maana. Una mifugo mingi kuliko lambo. Yakishuka 30, hapo tuzungumze.

Kisha nenda nyuma ya tuta. Maji yanayojitokeza kwenye mguu wake yakusanye kwenye mfereji mdogo, uweke bati lenye mkato wa V wa nyuzi 90, upime kimo cha maji juu ya ncha ya mkato, hatua chache kabla ya bati ili usipime pale yanapoinama kuanguka. Kimo cha sentimita 5 ni karibu lita 0.8 kwa sekunde. Linaonekana jambo dogo, lakini kwa siku nzima hizo ni mita za ujazo zaidi ya 65, kinywaji cha ng'ombe wapatao 1,600. Kimo kikifika sentimita 10, mtiririko ni lita 4.4 hivi: kimo kimekuwa mara mbili, maji yamekuwa zaidi ya mara tano. Andika daftarini kimo hicho pamoja na kina cha bwawa na mvua ya siku hiyo. Mvujo ukiongezeka huku kina cha bwawa kikiwa kilekile na mvua hakuna, tuta linabadilika ndani.

Hesabu hizi mbili hazigharimu hata nauli ya fundi kutoka Kampala. Nashangaa jinsi zinavyorukwa.

Jambo lingine halina mjadala. Maji yanayotoka yakiwa ya tope, au ukiona mchanga unabubujika kwenye mguu wa tuta, au shimo limetokea ghafla juu yake, usiite mtu wa jiofizikia, yaani mwenye mashine hizo za kuona chini ya ardhi. Punguza maji ya bwawa, hamisha watu walio chini yake, mwite mhandisi wa maji wa wilaya. Anapokuja, pale panapobubujika patawekwa mchanga kisha kokoto, ili maji yapite na udongo ubaki. Kupaziba kwa mfinyanzi ni kuyalazimisha maji yatafute njia nyingine. Wengi wetu tunakumbuka bwawa lililobomoka Solai, Nakuru, Kenya, Mei 2018. Kwa upande wa mvujo, linalofundisha zaidi ni bwawa la Teton, Idaho, Marekani: tarehe 5 Juni 1976 maji ya tope yalionekana asubuhi, na kabla ya saa sita mchana kutimia tuta lenye kimo cha zaidi ya mita 90 lilikuwa limebomoka. Watu 11 walikufa. Karibu nusu ya matuta ya udongo yaliyowahi kubomoka duniani yalimalizwa hivyo, kwa maji kula udongo kutoka ndani.

Yote yanayofuata ni kwa mvujo wa maji safi, wa taratibu, unaokupa nafasi ya kupima.

Umeme wa asili: wa bei nafuu, na unahisi mwendo wa maji

Maji yanapopita kati ya chembe za udongo huburuta chaji za umeme. Kwa hiyo yanapoingia ndani ya tuta voltiji ya ardhini huelekea hasi, na yanapotokea huelekea chanya. Tofauti ni ndogo, milivolti chache hadi makumi, lakini inapimika. Vipimo vingine karibu vyote nitakavyovitaja hapa chini huona unyevu, ugumu au aina ya udongo. Hiki kinaona mwendo, na mwendo ndio unaoutafuta.

Vifaa vyenyewe ni vya kushangaza kwa urahisi. Ni vikopo viwili vyenye kitako cha kauri kinachopenyeza maji, ndani mna waya wa shaba na myeyusho mzito wa salfeti ya shaba; rila ya waya; na voltimita yenye ukinzani wa ndani wa megaomu 10 au zaidi. Kopo moja linabaki mbali na tuta, mahali pasipobadilika. La pili linatembezwa: unachimba kishimo cha kina cha kiganja, unalowesha udongo kidogo, unakandamiza kopo, unasubiri namba itulie, unaandika. Tuta la mita 200 likipimwa kila mita 5 ni nukta 41 kwa mstari. Pima mistari mitatu, mmoja mgongoni, mmoja katikati ya mteremko, mmoja kwenye mguu, na kila baada ya muda rudi kwenye nukta ya mwanzo uone kama kopo limebadilika lenyewe. Watu wawili wanaimaliza kazi hii kwa siku, bila jenereta.

Angalia tu salfeti ya shaba isimwagike penye maji ya mifugo. Kondoo hawastahimili shaba.

Udhaifu wake ni kelele. Bomba la chuma linaloota kutu lina umeme wake, mara nyingi mkubwa kuliko wa mvujo. Uzio wa seng'enge vilevile. Mizizi ya miti na udongo uliokauka upande mmoja navyo huleta milivolti za uongo. Tena kipimo hiki hakikuambii kina. Kinakuambia ni hapa, kati ya kigingi hiki na kile. Dawa ya kelele ni kupima mara mbili, bwawa likiwa limejaa na likiwa limeshuka. Kutu haijali kina cha bwawa. Mvujo unajali. Kinachobadilika kati ya vipimo viwili ndicho cha kukifuata.

Ukinzani wa umeme: picha nzuri, na mtego wake

Hapa unapiga vigingi vya chuma kwenye mstari, unaviunganisha kwa kebo, na mashine inapitisha umeme kati ya viwili huku ikipima voltiji kati ya vingine viwili, mara mamia kwa mpangilio tofauti. Kompyuta hutengeneza picha ya mkato wa tuta yenye rangi. Vigingi 48 kwa umbali wa mita 2 vinachukua mita 94 na kufika kina cha mita 16 hivi. Kwa tuta la kimo cha mita 8 hicho kinatosha kuona tuta lote na udongo uliolibeba, na mara nyingi mvujo uko huko chini, mahali ambapo mkandarasi hakuondoa mchanga wa mto wa zamani.

Mafundi wanaotafuta maji ya visima Uganda wengi wana mashine ya ukinzani tayari, kwa hiyo bei ya kuwaita si kubwa. Lakini uliza swali moja: ana kebo ya vigingi vingi, au anapima nukta mojamoja kama anavyofanya kwenye kisima? Ukinzani wa nukta moja hudhani ardhi imelala kwa matabaka pande zote. Tuta halikulala hivyo. Lina maji ubavu mmoja na hewa ubavu wa pili. Wa nukta mojamoja mshukuru, mwache aendelee na visima.

Mtego uko kwenye rangi. Programu nyingi huchora ukinzani mdogo kwa buluu na mkubwa kwa nyekundu, na kila aliye kikaoni huona buluu akasema "maji haya hapa." Taratibu. Udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka kiangazi na kunata miguuni masika, una ukinzani chini ya omu-mita 10 (omu-mita ndiyo kizio cha ukinzani wa udongo) hata ukiwa mzima kabisa. Kiini cha mfinyanzi, kile kilichowekwa makusudi kuzuia maji, kitakuwa buluu. Maji ya mvua yaliyomo bwawani yanaweza kuwa na omu-mita 50, yaani ni makinzani kuliko mfinyanzi huo. Sasa fikiria mvujo uliokwisha kubeba chembe laini za mfinyanzi ukaacha mchanga na kokoto: mahali hapo ukinzani unapanda. Kwenye tuta la udongo mweusi, mvujo hatari unaweza kuwa doa jekundu katikati ya buluu, na ripoti ikauita sehemu kavu. Kwenye tuta la udongo mwekundu wa changarawe mambo hugeuka: changarawe kavu ina mamia ya omu-mita, hata zaidi ya elfu, na palipolowa panashuka waziwazi.

Kwa hiyo asiyejua tuta lilijengwa kwa udongo gani hana haki ya kusoma picha. Tafuta michoro ya ujenzi. Ikiwa imepotea, na mara nyingi imepotea, chimba vishimo vifupi kwenye mteremko wa nyuma, upime ukinzani wa kila aina ya udongo uliomo. Ramani ya jiolojia ya eneo, inayotunzwa na idara ya jiolojia na madini Entebbe, itakuambia kama chini kuna mwamba mgumu au mabaki ya volkano kama yale ya kuzunguka milima Napak na Moroto.

Hapa pia kurudia kipimo kuna faida kubwa kuliko kukipanua. Nchini Uswidi, bwawa la Hällby lilitegwa vigingi vya kudumu, na tangu mwaka 1996 ukinzani wake ukawa unapimwa kila siku. Sisi hatuhitaji kila siku. Karamoja mvua ni ya msimu mmoja, kwa hiyo pima Oktoba au Novemba bwawa likiwa limejaa, urudie Februari au Machi. Ankole yenye misimu miwili, pima mwisho wa Mei na tena Agosti.

Vigingi vinabeba mamia ya volti mashine inapofanya kazi. Asubuhi ng'ombe wanashuka kunywa na watoto wanawafuata. Kubaliana na wachungaji mapema saa za kunywesha, na weka mtu kila mwisho wa mstari. Kiangazi ardhi ikikauka sana umeme hauingii. Mwagia kila kigingi maji ya chumvi kidogo.

Sumakuumeme: kutembea tu

Kifaa cha aina hii hupima jinsi udongo unavyopitisha umeme, hubebwa begani na hakigusi ardhi. Modeli ya EM31 huona kama mita 6 kwenda chini; ile ya EM34, inayobebwa na watu wawili, kila mmoja na koili yake kwa kuachana, huenda zaidi. Ubaya ni kwamba inakupa wastani wa udongo wote ulio chini yako, na seng'enge, bomba, gari au hata simu mfukoni huiharibu. Kwa tuta fupi sioni sababu ya kuileta.

Ina pahala pake, hata hivyo, na pahala hapo husahauliwa: sakafu ya lambo lililokauka. Malambo mengi hayavuji kwenye tuta hata kidogo. Yanapoteza maji sakafuni, pale mchimbaji alipopitiliza tabaka la mfinyanzi akagusa mchanga au mwamba uliooza. Tembeza kifaa sakafuni kwa mistari ya mita 5 na mfinyanzi ulipokosekana patajionyesha kwa siku moja. Ukitandaza vigingi 48 mgongoni mwa tuta la lambo kama hilo utapata picha safi ya tuta zima lisilo na hatia.

Mitetemo, rada na joto

Mitetemo hufanywa kwa nyundo ya kilo 8 hivi, bamba la chuma na jiofoni 24, yaani vihisi vya mtetemo, ardhini. Kasi ya mawimbi inaonyesha wapi tuta ni laini na mwamba uko kina gani. Mawimbi ya kusukuma hupita kwenye udongo uliojaa maji kwa kasi ya karibu mita 1,500 kwa sekunde, hivyo usawa wa maji ndani ya tuta unaweza kuonekana. Mwendo wa maji hauonekani. Kama unataka kuongeza kimo cha tuta au kujua kama lilishindiliwa vizuri, lipia mitetemo. Kama unatafuta mvujo, ni ya nyongeza. Kwato za ng'ombe mia mbili nazo ni mitetemo, mtafutane na wachungaji tena.

Rada ya ardhini inapendwa kwa sababu picha inatokea papo hapo kwenye skrini na mteja anaridhika. Kwenye mchanga mkavu hufika mita 10 na zaidi. Kwenye mfinyanzi uliolowa, nguvu yake humezwa ndani ya mita 1 au 2, na tuta la kuzuia maji limejengwa kwa mfinyanzi uliolowa. Kazi moja inaiweza vizuri: kutafuta tundu chini ya zege la utoro, ile njia ya kutolea maji ya ziada. Zege ni kavu, ni jembamba, na tundu lililo chini yake huonekana waziwazi.

Nakasongola na wilaya jirani watu huniuliza kuhusu mchwa, kwani mapango yao ndani ya tuta ni njia tayari ya maji. China rada hutumiwa kutafuta viota vya mchwa kwenye kingo za mito, lakini vile vya karibu na uso wa ardhi. Njia yenyewe ya mchwa, ya unene wa kidole, hakuna kipimo kitakachoiona ikiwa kina cha mita 4. Umeme wa asili unaweza kuyahisi maji yakishaanza kupita humo.

Kuna pia nyaya za nuru (fiber optic) zinazopima joto. Ulaya ya kaskazini zinafanya kazi nzuri: maji ya bwawa ni baridi kali miezi fulani na ya uvuguvugu mingine, na wimbi hilo la joto likionekana ndani ya tuta unajua maji yanapita. Sisi tuko juu ya ikweta. Maji ya bwawa letu Januari na Julai yana joto karibu lilelile, wimbi la kulifuata ni dogo mno. Mfadhili akikuletea wazo hili, mwombe pesa hizo zijenge piezomita, yale mabomba membamba ya kupimia usawa wa maji ndani ya tuta.

Ungekuwa wangu

Lambo dogo la ranchi au la kijiji: fito, bati la V, na umeme wa asili mara mbili. Kabla ya hapo kaa na mchungaji aliyezeekea hapo, umuulize: "Mzee, kiangazi kikali nyasi mbichi hubaki wapi?" Atakuonyesha kwa fimbo, na mstari wako wa kwanza upitie hapo.

Bwawa kubwa lenye watu chini yake: umeme wa asili na ukinzani kwenye mstari uleule, likijaa na likishuka. Mahali ambapo vyote viwili vinabadilika pamoja ndipo pa kuchimba na kuweka piezomita. Kuchimba kuje mwisho na kuwe kwa matundu machache, kwa sababu maji au hewa ya presha ya mashine ya kuchimbia inaweza kupasua kiini cha tuta. Mtu atakayekuambia aanze na matundu kumi mgongoni ili "kuona hali" msindikize hadi kwenye gari lake.

Bwawa lenye bomba la kutolea maji lililopita ndani ya tuta: anza kulishuku bomba. Udongo haushindiliwi vizuri kwenye ubavu wa bomba, na maji hufuata ubavu huo. Likiwa la plastiki, umeme wa asili utaona vizuri. Likiwa la chuma, milivolti zake zitafunika kila kitu kwa mita kadhaa kila upande, na hapo ni heri ufunge vali, uangalie panapotokea bomba kama maji yanatoka nje yake, kisha ubadilishe kina cha bwawa na upime tena kwa bati la V.

Kwenye mkataba andika kwamba data ghafi ni mali yako, si picha za rangi peke yake. Kwamba ripoti itaje kina cha bwawa siku ya kipimo. Na kwamba kila kigingi kiwe na namba zake za mahali za GPS na alama ya kudumu ardhini, ili atakayerudia miezi sita baadaye, hata akiwa fundi mwingine, asimame palepale. Alama hizo ziwe za saruji tupu bila nondo. Za chuma zitavuruga umeme wa asili, na za mbao zitaliwa na mchwa au kuishia jikoni kabla ya msimu kugeuka.